Chaki Mbili za Bi Mwanarusi

Ukimpelekea Bi Mwanarusi gari lililoharibika, usianze kumsimulia. Atakuinulia kiganja kama askari wa trafiki, akuonyeshe benchi, kisha avue buibui lake na kulitundika kwenye msumari. Atabaki na ovaroli ya buluu na mtandio uliofungwa nyuma ya shingo, na ataingia chini ya gari bila kukuuliza hata jina. Maneno yako atayataka baadaye, akishaona mwenyewe.

Mimi sikulijua hilo. Jumamosi ile nilifika karakana yake pale Tononoka nikiwa na hasira za siku mbili, nyuma ya gari la kuvuta lililobeba pikapu ya tajiri wangu. Minyororo haijafunguliwa, tayari nimeanza kujitetea.

"Fundi, naapa sikuingia baharini," nikamwambia.

"Sabalkheri," akanijibu.

Nikajiona mshamba. Miaka kumi na tisa niko Mombasa, watoto wangu wamezaliwa hapa na hunicheka Kiswahili changu mezani, na bado nasahau kuwa mtu husalimiwa kwanza.

"Sabahannur, fundi. Unisamehe."

"Nimekusamehe. Keti. Kuna kahawa kwenye dele, jimiminie."

Naitwa Crispus Kioko. Kwetu ni Kibwezi, kazi yangu ni udereva. Miaka saba sasa namwendeshea Sheikhan, mfanyabiashara wa Kibokoni, Mji wa Kale, ambaye huuza matangi ya maji na pampu. Mimi ndiye ninayezipeleka bidhaa hizo kwa wateja wa Kinango na Samburu na kule ndani zaidi, ambako barabara ni jina tu. Kwa ajili ya safari hizo Sheikhan alinunua pikapu mpya, ya kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, yenye waranti ya miaka mitatu. Kijitabu cha waranti alikiweka kwenye droo moja na pasipoti yake. Aliamini kabisa kwamba kwa miaka mitatu, lolote litakaloikuta pikapu ile, wenye kiwanda watalipa na kuomba radhi juu yake.

Mwezi wa kumi na nne tangu inunuliwe, nikirudi kutoka Kinango, niliingiza gia ya magurudumu yote ili nitoke kwenye tope. Kitu kikalia chini yangu kama sufuria lililoangushwa sakafuni, na gari likagoma. Tukalivuta hadi kwenye karakana ya kampuni iliyotuuzia. Baada ya siku chache ikaja barua. Ilisema kwamba sehemu ya chini ya gari imejaa kutu na chumvi nyeupe, kwamba gari limeendeshwa ndani ya maji ya bahari na nje ya barabara kinyume cha masharti, na kwa hivyo waranti yote imefutika.

Kama Sheikhan angeisomea barua hiyo ofisini, leo nisingekuwa na la kusimulia. Aliisomea barazani. Nje ya duka la Sheikhan kuna baraza ya mawe, na kila siku baada ya sala ya alasiri wenzake huketi pale na vikombe vya kahawa chungu. Mambo ya mtaa huu huamuliwa hapo, na likishasemwa hapo limesemwa. Alhamisi ile aliisoma barua yote, akavua miwani, akanitazama mbele ya watu tisa.

"Kumbe, Kioko," akasema. "Miaka saba, na wanidanganya."

Nikamwambia sijawahi kulitia gari lile baharini hata ukucha wa gurudumu. Akaniuliza kama watu wa kampuni wote ni waongo, kisha akanipa siku. Jumatatu baada ya alasiri, mahali palepale, ama nimletee ukweli ama nimletee ufunguo wa ghala.

Ufunguo ule nimeutia mfukoni kila asubuhi kwa miaka saba. Kazi ningeipata kwingine, sijivuni, naijua kazi yangu. Lakini kutoka Kibokoni nikiitwa mwongo, na mtu wa bara mwongo hasa, hilo sikuwa tayari kulikubali. Mke wangu Jacinta, ambaye ni karani katika ofisi za reli, alinisikiliza Ijumaa nzima nikifoka, mwisho akasema: "Acha kunigombeza mimi. Kuna mwanamke Tononoka. Alimtoa bosi wetu kwenye shida kama hii. Mpelekee." Sheikhan akakubali gari litolewe pale kampuni, kwa sharti kwamba nitakachokileta kiwe kimeandikwa.

Basi nikaketi kwenye benchi, nikanywa kahawa, nikatazama viatu vya Bi Mwanarusi vikichungulia chini ya pikapu. Nilidhani ataangalia kwa dakika tano. Alikaa huko saa nzima na nusu. Alikuwa na tochi kichwani na chaki mbili, moja nyekundu na moja ya kijani, na kila mara nilisikia chaki ikikwaruza chuma. Mara moja moja alitoka kujinyoosha kiuno, maana ana miaka hamsini na minne na hafichi, akanywa maji, akarudi.

Ilikuwa katika mapumziko hayo nilipoujua mwanzo wake, kwa sababu nilimuuliza ni nani aliyemfunza ukimya huu.

Baba yake, mzee Abdulghafur wa Kuze, alikuwa fundi wa malori ya bandarini. Macho yakaanza kumfifia angali na watoto wa kulisha, naye akaificha aibu hiyo kwa wateja. Alimchukua bintiye wa miaka kumi na mbili, akawa anamtia chini ya lori badala yake, yeye mwenyewe amechutama kando na spana mkononi kama anayefanya kazi. "Niambie waona nini," alikuwa akimnong'oneza. "Usiniambie wadhani nini." Siku akisema anadhani, mzee alimtoa na kumwanzisha upya. Kwa miaka mitatu malori ya bandarini yalitengenezwa kwa macho ya mtoto wa kike na mikono ya kipofu, na hakuna aliyejua ila mama yake.

"Ndiyo sababu sitaki mtu aniambie kabla," akaniambia. "Ukinambia halikuingia baharini, nikiingia chini ntakuwa natafuta usichokifanya. Nataka nione kilichoko."

Akajilaza tena, akaingia. Muda kidogo mkono ukatoka chini ya gari.

"Nipa hiyo ndimu. Iko karibu na dele. Na kisu."

Nikadhani ana kiu. Nikampa. Halafu akaniita nilale kando yake nione, na mimi na kitambi changu nikajisukuma kwenye vumbi hadi bega langu likagusana na tairi. Aliikata ndimu, akaikamulia pale kwenye ule ukoko mweupe uliogandamana na chesisi. Ukoko ukatoa povu. Ukalia kwa sauti ndogo, ssss, kama vitunguu vinapoanza kukaangwa.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya, toka."

Tulitoka. Karakana yake ina birika kuukuu la kuchemshia maji ya kisima ya kunawia grisi. Alilifungua kifuniko, akanionyesha ndani: ukoko uleule mweupe, mnene kama ganda la yai. Akakamulia nusu iliyobaki. Povu lilelile, sauti ileile.

"Chumvi ya bahari ukiikamulia ndimu haisemi kitu," akasema. "Huyeyuka tu na maji. Na gari lililoingia baharini halitoki bila mtanga wa ufuoni. Waukuta hata miaka miwili baadaye, kwenye vikunjo vya chesisi. Hapa nimetafuta kwa ncha ya kisu, sikuona chembe. Huu ukoko ni chokaa. Ni wa kisima."

Nilitaka kuruka kwa furaha. Nilijua tangu mwanzo, nikamwambia, watu wa kampuni hawajui kazi, nitawaonyesha, nitamwonyesha na Sheikhan mbele ya baraza yake. Bi Mwanarusi aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza swali lake la kwanza tangu nifike.

"Gari hili laoshwa wapi?"

Swali hilo nililipenda. Hakuna dereva Mombasa nzima anayeosha gari kama mimi. Nikamweleza jinsi ilivyo. Nyuma ya nyumba ya Sheikhan kuna kisima cha zamani, naye amekitia pampu mpya ya kuwaonyeshea wateja nguvu yake. Kila jioni nikirudi kutoka safari naingiza gari uani, nashika bomba, naosha. Madereva wenzangu huosha bodi ili ing'ae barabarani. Mimi naosha tumbo kwanza. Nalala chini, naelekeza bomba juu, napiga kila kona, kila waya, kila soketi, mpaka tope la Kinango limetoka lote. Kila siku, mvua au jua, na Sheikhan akipita uani hunisifu. Kwetu Kibwezi tulichota maji kwa punda kutwa nzima, na gari la padri lilioshwa kwa ndoo moja wakati wa Krismasi. Nilipokikuta kisima kimejaa, cha bure, na pampu juu yake, niliona ni neema ya Mungu, na neema haiachwi ikae.

Nilikuwa nimefika mbali na masimulizi kabla sijauona uso wake.

"Kwa miezi kumi na minne," akasema.

"Kila siku."

"Ndugu yangu," akaniambia kwa upole ambao ulinitisha kuliko kama angenigombeza, "maji ya visima vya Mji wa Kale yana chumvi. Twafulia, twaoshea ua, twaflashia choo. Hata birika la chai hatuyatii tukiwa na mtungi wa maji matamu. Na wewe umeyapiga kwa pampu mpaka ndani ya soketi za nyaya."

Nyumbani kwangu tunanunua maji ya mitungi, na yale ya kisima sikuwahi kuyaonja. Niliketi palepale chini. Umeitwa mwongo, umekesha ukipanga maneno ya kujitetea, kisha unaambiwa kwamba kweli hukusema uongo, lakini gari umeliua kwa mkono wako mwenyewe, tena kwa mapenzi. Sheikhan hakuwa na haja ya kunifukuza. Nilikuwa tayari kuondoka mwenyewe.

"Fundi," nikamwambia baadaye kidogo, "si ungeandika tu kwamba halikuingia baharini? Basi, ukaishia hapo. Hilo ni kweli."

"Ni kweli, na ni nusu," akajibu. "Ndoo uone." Akaniita kwa mkono, tukalala tena chini ya pikapu.

Sasa nikaziona chaki. Nyekundu ilikuwa nyingi, imezunguka kila doa la kutu, kila soketi iliyooza, na bamba la chini lililobonyezwa na mawe ya njiani. Kijani ilikuwa duara moja tu, kwenye boksi ya gia ya magurudumu yote, ile iliyolia na kugoma.

"Nyekundu ni yetu," akasema. "Kijani ni yao. Waranti si bima, wala si mganga. Mwenye kutengeneza gari ameahidi kitu kimoja: alichokosea yeye pale kiwandani, atakirekebisha. Jiwe lililobonyeza bamba hakulitia yeye. Maji ya kisima hakuyapampu yeye. Hayo hatumdai, na tusijaribu kumdai. Lakini hii boksi imefungwa pande zote. Kutu iko nje, ya juu juu, imeishia kwenye ganda. Sili zote ni nzima, na paipu ya kupumulia ni kavu. Kilichovunjika kiko ndani, na ndani chumvi yako haikufika. Wao wameona kutu kwenye tumbo, wakatupa kila kitu kwenye kapu moja."

Nikaona lazima niseme lililobaki. Mwezi wa Aprili, nikamwambia, nilivuka kijito huko Kinango kilipokuwa kimefurika. Sikumwambia Sheikhan. Akaniuliza maji yalifika wapi. Nikamwonyesha kwenye gurudumu, kidogo chini ya katikati. Akatoa kijitabu cha waranti kwenye bahasha aliyonipa Sheikhan, akaweka miwani, akafungua ukurasa bila kupapasa, kama mtu anayefungua mlango wa kwao.

"Gari hili wameliuza kwa maji ya mpaka nusu gurudumu na kwa barabara ya mawe. Wamechora na picha. Njia mbovu haiui waranti. Kinachoiua ni kuupita mpaka walioandika. Hukuupita."

"Basi ifungue hiyo boksi, tujue."

"Nikilegeza skrubu moja hapa, nimewapa sababu mpya. Wataifungua wao, mbele ya macho yetu."

"Na kama ndani kuna maji?"

"Basi kijani changu ni kosa, na ntalifuta mbele yao," akasema, akaanza kunawa mikono.

Alipokuwa akiandika ripoti yake, kwa mkono, herufi kubwa kubwa, nilimuuliza anakijuaje kijitabu kile hivyo. Ndipo akanieleza kwamba alifanya kazi katika kampuni moja ya magari kwa miaka kumi na moja, na mitano ya mwisho aliketi kwenye dawati la waranti. Saini yake ndiyo iliyosema mtu atalipwa au hatalipwa.

"Siku moja likaja gari la shirika, injini imekufa. Nikakuta tope kwenye kichujio cha hewa. Nikaandika: dereva amelizamisha. Dereva mwenyewe akiitwa Samuel. Wakamfukuza." Aliacha kuandika. "Mwezi uliofuata likaja gari jingine, namna ileile, ugonjwa uleule. Na la tatu. Kumbe kifuniko cha hewa kilikuwa kimekosewa kiwandani. Nikawaendea wakubwa, shirika likalipwa injini mpya. Lakini Samuel hakuna aliyemwita. Kwenye fomu zetu hakukuwa na mahali pa kumwandika. Dereva alikuwa akiandikwa kama sababu tu, kama jiwe au maji. Nilimtafuta, nikaambiwa amerudi kwao. Naona haya mpaka leo. Nilidhani, badala ya kuona."

Aliigeuza karatasi, akanionyesha. Ripoti yake ina mistari ambayo nilikuja kujua kuwa fomu za kampuni hazina. Baada ya "Gari" na "Mwenye gari" kuna "Dereva", na nafasi pana mbele yake. Alikuwa ameliandika jina langu lote. Nilisoma alichoandika mbele ya jina, nikamwomba afute sentensi ya mwisho, maana ilimgusa tajiri wangu. Akaikunja karatasi na kuitia kwenye bahasha.

Jumapili nilikwenda kanisani na sikumbuki mahubiri.

Jumatatu asubuhi tulikuwa kwenye karakana ya kampuni, mimi na Bi Mwanarusi na Sheikhan aliyekuja na kanzu yake iliyopigwa pasi na kofia ya viua. Salamu yangu aliijibu kwa mdomo wa upande. Aliyetupokea ni msimamizi wa waranti, Arnold, kijana wa zamani wa Bi Mwanarusi kwa maana ya kazi; fundi ndiye aliyemfunza dawati lile, hapahapa, kabla hajaliacha. Alimwita madamu, akatafuta kiti, na akaanza kueleza kwa heshima zote kwamba barua ilikwisha andikwa.

"Sikuja kwa barua," Bi Mwanarusi akamwambia. "Liinue gari."

Waliliinua kwa jeki ya umeme. Arnold akasimama chini yake, akaziona duara nyekundu zilivyojaa.

"Lakini madamu, hii kutu yote..."

"Kutu nimeichora nyekundu. Nyekundu hatuidai. Soketi na nyaya hatuzidai. Bamba hatulidai. Hesabu mwenyewe uone kama nimeruka hata moja."

Alihesabu kweli, na tochi. Alipita tumbo zima akitafuta alichofichwa, na hakukiona. Pale ndipo nilipofahamu kwa nini Bi Mwanarusi hakutaka kuficha chochote. Mtu aliyekwisha kukubali mabaya yake yote kabla hujayataja huna la kumtilia shaka.

"Na kijani?" akauliza.

"Kijani ni moja. Mwaga oili."

Bi Mwanarusi alikuwa ameniambia asubuhi ile: oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, nasi tutoke kimya. Fundi wa kampuni akaweka beseni, akalegeza kizibo. Sheikhan akasogea. Nilitamani kufumba macho lakini nikayaacha wazi. Oili ikatoka nyeusi na safi kama kahawa ya dele, ikatiririka bila kukatika, na ilipokaribia kwisha kikaanguka kitu beseni mle, kikagonga bati.

Arnold alikiokota kwa koleo, akakipangusa. Lilikuwa jino la gia, zima, limetoka kwenye shina lake. Akaligeuza kwenye mwanga. Sehemu kubwa ya mvunjiko ilikuwa nyeusi, ya kale, na ukingo mdogo tu ndio uliong'aa.

"Ufa huu wa zamani," akasema polepole. "Una weusi wa tanuri la kukomazia chuma. Umetoka nao kiwandani."

"Waona nini, Arnold? Si wadhani nini."

"Naona kosa letu, madamu."

Aliandika palepale. Boksi nzima ya gia italipwa na kampuni. Nyaya, soketi, bamba na kutu ni juu ya mwenye gari. Sheikhan alisoma mara mbili, akauliza kwa nini na nyaya zisilipwe, si waranti ni ya miaka mitatu. Bi Mwanarusi akamwambia miaka mitatu ni ya makosa ya kiwanda, si ya kisima. Sheikhan hakuelewa neno hilo la kisima. Bi Mwanarusi akampa ile bahasha ya ripoti.

"Ya gari umeshayasikia," akamwambia. "Humu mna ya dereva. Ulimsema barazani, basi usome barazani. Hiyo ndiyo bei yangu ya kuja hapa asubuhi. Kazi ya Jumamosi utanilipa kama watu wote."

Sijui ni nani mwingine angeweza kumwambia Sheikhan hivyo akatoka salama. Aliitia bahasha mfukoni.

Baada ya alasiri niliwahi. Watu tisa walikuwa palepale, pamoja na Zakariya muuza kahawa aliyekuwa akigonganisha vikombe vyake. Nikauweka ufunguo wa ghala juu ya jiwe la baraza, mbele ya Sheikhan, kwa sababu niliijua sentensi ya mwisho na nilijua asingeipenda. Alivaa miwani. Akasoma kwa sauti ileile aliyosomea barua ya kampuni.

"Dereva: Crispus Kioko. Gari halikuingia baharini. Dereva amesema kweli."

Baadhi yao wakaitikia. Sheikhan akaendelea.

"Kutu imetokana na maji ya kisima cha..." Nikaona macho yake yakitangulia mstari hadi mwisho na kurudi.

"Mbona wakata?" Zakariya akauliza. "Soma, twasikiza."

Angeweza kuikunja karatasi. Hakuna aliyejua kilichoandikwa ila mimi, na mimi nisingethubutu. Alikohoa, akasoma.

"Kutu imetokana na maji ya kisima cha mwenye gari, ambayo dereva aliyatumia kuosha gari kila siku kwa nia njema. Dereva ni mgeni wa maji haya. Mwenye gari ni mzawa wa Kibokoni, alimuona akifanya hivyo miezi kumi na minne, na alimsifu."

Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akacheka, na wote wakafuata.

"Wewe Sheikhan," Zakariya akasema, "wauza pampu, umezaliwa juu ya kisima, na humwambii mja wa watu kuwa maji yetu yala chuma?"

"Sikumwambia," Sheikhan akajibu. Hakucheka. "Nilikuwa nikipita hapo uani kila jioni, namuona amelala chini ya gari, nafurahi kwamba nimepata mtu. Wala haikunijia kabisa." Akaukunja mkono wa kanzu, akausukuma ule ufunguo kwenye jiwe hadi ukafika upande wangu. "Alhamisi nilisema hapa kuwa Kioko ni mwongo. Si mwongo. Nyote mlinisikia siku ile, na sasa nisikizeni. Nisamehe, Kioko."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi tangu Alhamisi, mazuri na makali. Yote yaliniruka.

"Nimekusamehe, bwana," nikasema. "Na wewe unisamehe gari."

Zakariya alinimiminia kahawa, na mtu akasogea nipate mahali pa kukaa. Sijawahi kuketi kwenye baraza ile kabla ya siku hiyo. Husimama tu pale na kuchukua maagizo.

Pikapu ilirudi wiki mbili baadaye ikiwa na boksi mpya, na nyaya ambazo Sheikhan alizilipia mwenyewe bila kununa sana. Asubuhi yake nilipofika uani, pampu ilikuwa imeng'olewa kisimani, imerudishwa dukani. Kando ya pikapu palikuwa na mitungi minne ya maji matamu, ya kununua, na bomba fupi la mkono. Sheikhan alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake.

"Anza na tumbo," akaniambia.